Mtungi wa Julai

Phoenix, 2 Machi 1990

Mwanangu Ofelia, ua la marehemu kaka yangu,

Nakuandikia nikiwa barazani, miguu inaota jua. Mimi mzima. Magoti ndiyo yanayonung'unika, nayo nimeyazoea kama nilivyomzoea Herlinda wa jirani, ambaye anawasalimu sana na anauliza kama pua ya mumeo imeacha kubabuka. Mwambie Arvid mtaa mzima bado wanamzungumzia yule mtu wa barafu aliyelala kwenye nyasi bila shati. Watoto wa kona walidhani amezimia.

Ametuachia sifa lakini. Tunasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Yeye jembe alilitafuta mwenyewe kabla sanduku halijafunguliwa. Michungwa yote ameipaka chokaa shinani, na lango halilii tena. Kasoro ni moja tu: ule mtungi mkubwa wa udongo uliokuwa umefudikizwa chini ya mchungwa, ameusimamisha akapanda maua ndani yake. Maua mazuri, mekundu. Nimeyahamishia kwenye debe. Usimwambie, asije akaona vibaya.

Kasha la mabalungi nimelituma Jumatatu. Yale yenye ngozi nene msiyadharau, ndiyo matamu.

Kuhusu lile ulilonong'ona uwanja wa ndege, kwamba nifunge nyumba nije kuishi kwenu Duluth kabla ya majira ya joto, nimelisikia. Ila mti mkongwe haung'olewi kwenye foleni ya mizigo, mwanangu. Nipe nafasi nipumue.

Shangazi yako akupendaye,
Refugio

*

Duluth, 19 Machi 1990

Shikamoo Shangazi,

Mabalungi yamefika, hata moja halikupondeka. Arvid anakula matatu kwa siku, amesimama mbele ya dirisha, anatazama theluji kama mtu aliyemshinda adui. Pua yake imepona. Sisi wote wazima. Mimi bado nawapikia wale watoto mia nne wa shule, na bado hawataki karoti.

Umenitia matatani lakini. Barua yako nilimsomea kwa sauti, na "usimwambie" yako ilikuja baada ya maua, si kabla. Balungi akaliacha nusu. Sasa anataka kujua mtungi ule una kazi gani, maana yeye aliukuta umelala tu chini ya mti. Nikamwambia hata mimi sijui. Tangu utotoni sijawahi kuuona ukifanya kazi, umefudikizwa tu.

Shangazi, nipe jibu. Daktari alituambia wote wawili, tumekaa bega kwa bega, na usijifanye siku ile masikio yaliziba: moyo wako hautavumilia joto jingine ukiwa peke yako. Chumba chako kiko tayari. Nimekipaka rangi ya njano ili usikose jua, na dirisha linaangalia ziwa. Arvid amekuchongea kitanda kifupi ili miguu yako ifike chini. Nataka uje kabla ya Juni. Sikuombi tena kwa kunong'ona, nakuomba kwa maandishi.

Binti yako,
Ofelia

*

Phoenix, 8 Aprili 1990

Ofelia wangu,

Ukifungua bahasha hii, kwanza inuse. Ni maua ya mchungwa, yalikuwa mapya nilipoyatia. Mtaa wote umelewa harufu hii; hata Herlinda amepatana na mkwewe, ingawa sidhani kama itazidi wiki. Habari nyingine ni hizi: mjukuu wake amebatizwa, amelia ibada nzima, na kasisi amesema ni dalili njema. Makasisi hawakosi la kusema.

Nimesoma habari za chumba cha njano mara nyingi. Mwambie Arvid kitanda kifupi kimenichekesha na kuniliza kwa wakati mmoja.

Sasa nisikilize. Mji huu una watu wa namna mbili, watu wa Februari na watu wa Julai. Watu wa Februari huja na kofia mpya, hula machungwa, husema "Mungu wangu, mna raha ninyi," kisha huondoka kabla joto halijabisha hodi. Tunawapenda, wanaleta pesa. Lakini hawaujui mji. Wewe ulizaliwa mtu wa Julai, na ukubwani umekuwa mtu wa Februari. Kila mwaka unakuja, na kila mwaka unakuja Februari.

Basi tupatane. Njoo Julai hii, ukae nami walau wiki mbili. Ukishakaa, na bado ukaniambia "Shangazi, funga nyumba," nitafunga. Nitakuja kukaa kwenye chumba cha njano mpaka mnizike kwenye theluji. Ahadi ni deni, na mimi sijawahi kudaiwa nikakimbia.

Shangazi yako,
Refugio

*

Duluth, 13 Mei 1990

Shikamoo Shangazi,

Samahani kwa kuchelewa. Arvid alipata mafua, kisha nikapata mimi, kisha kazi. Barafu ya ziwani imeanza kupasuka; usiku inalia kama milango inayofungwa kwa hasira. Maua yako nimeyaweka kwenye kabati la nguo, na sasa jikoni shuleni wananiuliza ninapaka manukato gani.

Kuhusu Julai, haitawezekana. Shule inanihitaji. Halafu nauli za wakati huo, na paa letu linataka kurekebishwa, na mama yake Arvid hajisikii vizuri. Unaona mwenyewe jinsi mambo yalivyo.

Naomba usiweke masharti. Njoo tu.

Ofelia

*

Phoenix, 10 Juni 1990

Ofelia, mwanangu,

Mungu ampe afya mama mkwe wako. Sisi huku wazima, na joto limefika na mizigo yake yote. Herlinda usukani wa gari lake anaushika kwa glavu za jikoni. Mimi nafunga mapazia asubuhi, kile kipoza hewa changu cha maji kinakohoa dirishani, na mchana nalala sakafuni kama paka. Usicheke, ulilelewa hivyo hivyo.

Nina swali dogo. Tangu lini watoto wa huko husoma Julai? Au theluji iliwafukia, mkawafukua wakiwa nyuma kimasomo? Mwanangu, mimi nimekula chumvi nyingi. Uongo wako ulikuwa hivyo hivyo ulipokuwa na miaka sita: sababu nne kwa mara moja, na ya kweli haimo.

Zamu yetu ya maji ya mfereji ilikuwa wiki iliyopita, saa za mchana. Nilikwenda kufungua mlango wa maji kando ya nyumba, bustani ikajaa mpaka vifundoni, michungwa ikanywa. Lile gurudumu la chuma la kuufungulia limekuwa gumu mwaka huu. Nilikaa chini kidogo kupumzika. Maji yalikuwa baridi, nilipata raha.

Siku ya Mtakatifu Yohana inakuja. Nitamwaga maji kichwani kwa niaba yako, ili mvua isituchelewee.

Refugio

*

Duluth, 27 Juni 1990

Shangazi,

Leo sisalimii, utanisamehe.

Jana jioni redio ilisema mji wenu umefika nyuzi hamsini, na ndege zimezuiwa kuruka. Hapa nilikuwa nimevaa sweta. Nilikupigia simu mara saba. Najua hupokei. Najua nyumbani kwenu simu ni ya misiba tu, na ikilia unaiachia mpaka inyamaze. Nililijua hilo na bado nikapiga, maana ningefanya nini tena? Mwishowe nikampigia Herlinda. Akaniambia, "Yupo, nimetoka kumwona sasa hivi, ananigombeza kwa kufungua mlango." Nikakaa sakafuni, nikacheka mpaka machozi.

Kisha akasema, "Lakini si kama siku ile walipomwokota kwenye maji." Nikamwuliza siku gani. Akaanza kunieleza habari za mkwewe. Nikamwambia, "Herlinda, sema, la sivyo sitawatumia tena picha za theluji."

Kumbe "nilikaa chini kidogo." Shangazi! Ulianguka. Ulilala kwenye maji ya bustani, jua la saa saba likikupiga usoni, na wewe ukaniandikia kwamba ulipata raha!

Mimi nadanganya kwa sababu nne, wewe unadanganya kwa sentensi moja. Basi leo nasema ya kweli. Siji Julai kwa sababu ya baba. Kila Julai namwona yuko juu ya lile paa, na lami imeyeyuka, na hakuna mtu. Nakumbuka simu yako ikilia, ilikuwa mpya, sote tulikuwa tunaisubiri ilie mara ya kwanza, mimi ndiye niliyekimbia kukuita. Nauchukia Julai wa mji ule. Jua lake limenichukulia baba, na sasa linakutaka wewe. Naogopa, Shangazi. Hilo ndilo, hakuna jingine.

Ofelia

*

Phoenix, 2 Julai 1990

Mwanangu kipenzi,

Barua yako nimeisoma nimesimama, kisha nikakaa, kisha nikaisoma tena. Umefanya vizuri kuisema. Miaka ishirini na mitano mimi na wewe tumelizunguka jambo hili kama watu wanaozunguka shimo uani, kila mmoja akidhani anamlinda mwenzake asitumbukie.

Na mimi nitasema langu.

Baba yako Anselmo aliezeka mapaa ya nusu ya mtaa ule. Siku ile wenzake walikuwa wamekwenda kuchukua lami nyingine, yeye akabaki. Mama mmoja wa ng'ambo ya barabara aliniambia baadaye, analia: alimwona ameteremka mara moja, akaenda lango hadi lango kutafuta maji. Milango yote ilikuwa imefungwa, watu wamejifungia ndani na ubaridi wao, redio zinaimba. Hawakumsikia. Mama yule mwenyewe alidhani ni muuza mafagio. Kisha Anselmo akapanda tena. Ulijua amekufa kwa jua, mwanangu. Hukujua amekufa kwa kiu kwenye mtaa wenye mabomba, nami sikutaka ujue.

Wiki ile ile nilinunua ule mtungi. Wewe walikuwa wamekuchukua kwa mama yako mdogo kule Nogales, na uliporudi ilikuwa baridi, nimeshaufudikiza chini ya mti. Miaka iliyofuata nilihakikisha kila joto unakwenda kwa mama mdogo. Kila Juni hadi Septemba, asubuhi naujaza maji na barafu, naufunika kitambaa kibichi, nauweka nje ya lango na kikombe cha bati kimefungwa kamba. Anakunywa mleta barua, wanakunywa wachimba barabara, wanakunywa waezekaji. Sijui majina yao. Wao wananiita Bibi wa Mtungi, na wapo wanaopindisha gari kutoka mbali wakisema, "Twende kwa bibi kwanza."

Sasa nikuulize: unadhani ni akina nani walioniokota siku ile? Waezekaji wanne, wamekuja kunywa. Mmoja alipoinamisha kikombe akaniona kupitia uwazi wa lango. Waliruka ukuta na mabuti yao ya lami, wakanibeba kivulini, wakanilowesha kichwa kwa maji ya mtungi wangu mwenyewe. Mmoja alikuwa ananipepea kwa kofia huku ananigombeza, "Bibi, una kichwa kigumu kama mama yangu!" Nikamwambia, "Mama yako namheshimu."

Ndiyo sababu nashindwa kukujibu kuhusu chumba cha njano. Si michungwa, si nyumba. Nikija kwenu, mtungi namwachia nani?

Refugio

*

Duluth, 7 Julai 1990

Shikamoo Shangazi,

Nimefika kwenye mwisho wa barua yako mara nyingi. Tunakuja. Tumepata ndege ya tarehe kumi na nne. Arvid amenunua kofia pana kama meza. Usiguse lile gurudumu la maji mpaka nifike, nakuapisha.

Ofelia

*

Phoenix, 9 Agosti 1990

Ofelia, mwanangu,

Nyumba imekuwa kimya tangu muondoke. Hata kipoza hewa kimepunguza kikohozi, nadhani kinamsikitikia Arvid, aliyekuwa anakaa mbele yake kama anaungama dhambi. Herlinda mzima. Kapatana na mkwewe, kagombana, kapatana.

Mawingu yanaendelea kutudanganya. Kila jioni yanapanda upande wa milimani, yananguruma, yanatumwagia vumbi, kisha yanakwenda kuwanyeshea watu wa mitaa mingine. Nasikitika mliondoka bila kuiona mvua.

Nakumbuka siku yako ya kwanza. Ulikaa ndani, mapazia yamefungwa, mikono mapajani, kama mtu anayesubiri habari mbaya. Nami nikakuwekea glasi ya maji kando. Siku ya pili ulichungulia. Siku ya kumbukumbu ya kifo cha Anselmo ukaamka kabla yangu, nikakukuta jikoni unakata ndimu, unalia, unakata ndimu. Ukaubeba mtungi mwenyewe. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia, usidhani sikuona. Mwezekaji mmoja, yule kijana mrefu, alipokunywa akakuuliza, "Mama, leo nani katia ndimu? Bibi yule mchoyo wa ndimu, hatujawahi kuziona!" Nawe ukamwambia, "Kunywa, usimseme shangazi yangu." Akanywa kikombe cha pili, akakuuliza kama wewe ni mtoto wa bibi. Ukasema ndiyo. Sikuwahi kuzaa, Ofelia, na sikuwahi kuhisi nimepungukiwa, lakini neno lile nilikwenda nalo chumbani nikakaa nalo kitandani.

Basi, umekuja Julai. Umetimiza sehemu yako. Uliondoka bila kuniambia nifunge nyumba, lakini najua ni kwa huruma, na mimi sitaki kusamehewa deni kwa huruma. Daktari hakubadilisha maneno yake. Nimetoa sanduku juu ya kabati, nimekunja nguo. Njoo unichukue Oktoba. Mtungi Herlinda amekubali kuutunza, ingawa ni msahaulifu, juzi alisahau birika jikoni mpaka likaungua. Nitamwachia maagizo. Sitalia uwanja wa ndege, nakuahidi, na ukiniona nalia ujue ni vumbi.

Shangazi yako,
Refugio

*

Duluth, 28 Agosti 1990

Shikamoo Shangazi,

Hatujambo. Mama mkwe wangu mzima kabisa. Siku zote alikuwa mzima, Mungu anisamehe.

Jana jioni simu ililia tukiwa mezani. Arvid akapokea. Nikamwona anakaa chini polepole, uso umemwisha rangi. Akasema tu, "Ni Phoenix," akaninyooshea simu. Shangazi, wewe hujawahi kupiga simu katika maisha yako. Nilijua nimefiwa. Nikasema "Haloo" kwa sauti ambayo sikuijua ni ya nani. Hukujibu. Nikasikia kelele tu, kubwa, isiyokatika, nikadhani ni mashine za hospitali. Halafu nikaitambua. Ilikuwa maji juu ya bati la baraza yako. Ilikuwa mvua ya kwenu, Shangazi, yenyewe.

Ukasema, "Unaisikia?"

Nikasema, "Naisikia."

"Nimeinyoosha simu nje mpaka bega linauma. Umesikia vizuri?"

"Nimesikia vizuri, Shangazi."

"Haya, basi. Simu ya mbali ni ghali." Ukakata.

Arvid akanishika bega akaniuliza, kwa upole kabisa, "Amefariki saa ngapi?" Nikamwambia, "Hajafa. Kunanyesha." Na hapo ndipo nilipolia, nikalia na kucheka, na chakula kikapoa.

Sasa nisikilize wewe. Fungua sanduku lile, rudisha nguo kabatini. Sikukwambia ufunge nyumba, na si huruma. Nilipokuwa langoni siku ile ya baba, yule kijana alipomaliza kikombe cha pili alipanda gari akaenda zake kazini, na mimi nikaangalia mpaka gari likapinda kona. Aliondoka mzima. Kwa mara ya kwanza nimemwona mwezekaji kwenye jua la Julai akiondoka mzima. Sitaki kazi ile niikabidhi kwa mtu aliyeunguza birika.

Umeniuliza mtungi utamwachia nani. Unaniachia mimi. Shule yetu hufungwa mwanzoni mwa Juni, kama ulivyokwisha kugundua, na majira yote ya joto ni yangu. Kila mwaka nitakuja. Mlango wa maji nitaufungua mimi, barafu nitaivunja mimi, na wewe utakaa ndani mbele ya kiyoyozi cha kweli ambacho Arvid anakuja kukifunga Oktoba, na usibishe, ameshakilipia. Wakija watu wa Februari kwenu, wewe utapanda ndege uje huku kwenye chumba cha njano, uone wanakimbia nini. Mkataba ni huo. Deni lako nimelifuta.

Arvid anauliza kama Oktoba anaweza kuja na maua. Nimemwambia alete, ila ayapande kwenye debe.

Ni mimi, mwanao, mtu wa Julai,
Ofelia